Katoni Kumi na Tatu Chini ya Kitanda

Chumba anacholala mama mkwe wangu kilitobolewa bati Juni 2000. Nyumba yetu iko Kisangani, Kongo, komini ya Tshopo, upande wa kwenda darajani, na waliokuwa Kisangani zile siku sita, tangu tarehe 5 hadi 10, hawana haja ya kuelezwa. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania mji usio wao, mabomu yakawa yanapita juu ya mapaa yetu usiku na mchana. Kipande kimoja kilitoboa bati kikaingia kwenye godoro. Mshukuru Mungu, hapakuwa na mtu juu yake. Baba mkwe, alipokuwa hai, aliziba tundu kwa lami na kipande cha gunia. Lami ikipasuka, tunaziba tena. Hivyo hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka kutu ikala bati lile na majirani zake wote.

Mimi nauza makayabu, samaki wa chumvi, na mafuta ya mawese Soko Kuu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipiga hesabu: upande ule wa nyumba unahitaji mabati ishirini, manjanja kama tunavyoyaita huku. Pesa ingetoka kwenye likelemba. Tulikuwa wanawake kumi na wawili wa soko, kila mmoja anatoa dola 25 kwa mwezi, na mwezi wa pili ulikuwa zamu yangu. Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, dola 300 zimefungwa kwenye ncha ya kitenge kiunoni, na kila baiskeli ikiingia kwenye shimo nilikuwa nazigusa.

Jioni ile ile shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kutusalimia. Alijua siku ya zamu yangu, kwa sababu nyumbani kwetu mambo ya pesa hayafichwi. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, ana begi jipya. Tulimpa kiti, tukampa maji. Mama mkwe alikuwa pale anamenya ndizi za lituma.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mabati hayazai. Pesa hii ukiiweka mahali pake leo, mwezi wa nane utaezeka nyumba nzima, si upande mmoja."

Akachukua kalenda ya zamani ukutani, akaigeuza, akachora duara moja juu. Huyu ni wewe, Yaya. Chini yake akachora maduara sita. Hawa ni watu wako sita tu, huwezi kukosa watu sita katika Kisangani hii. Chini ya kila mmoja, sita wengine. Akaendelea mpaka karatasi ikajaa, kisha akaandika pembeni tarakimu za asilimia ambazo zingenipandia kutoka kila ngazi. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa anatingisha kichwa kukubali. Simlaumu. Kila mstari wa hesabu ile, ukiutazama peke yake, ulikuwa sahihi.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, bila kuacha kumenya: "Hii si Bindo?"

Kwa vijana waliozaliwa baadaye, jina hilo halisemi kitu. Mwaka 1991, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikiwa inayumba, bei zinapanda kila wiki, Kinshasa ilivamiwa na nyumba za kuweka pesa zilizoahidi faida ambayo hakuna benki ingeweza kutoa. Bindo Promotion ndiyo iliyovuma kuliko zote, na nyingine mojawapo iliitwa Madova. Watu waliuza friji, vitanda, viwanja. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa pesa za waliokuja baada yao, na kulipwa kwao ndiko kulikowavuta wengine. Kabla ya mwaka kwisha nyumba hizo zote zilikuwa zimeanguka. Baba mkwe alikuwa Kinshasa wakati huo, fundi cherehani. Aliuza mashine yake ya Singer, akaiweka pesa yote Bindo. Alirudi Kisangani kwa boti, safari ya mto ya kama kilomita 1,700, mikono mitupu. Hakushona tena kwa mashine yake mwenyewe mpaka alipokufa.

Kwa hiyo swali la mama lilikuwa zito, na sote tulinyamaza. Shemeji hakusita. Alifungua begi, akatoa kipande cha sabuni, akakiweka katika kiganja cha mama yake.

"Mama, Bindo ilikuwa na sabuni?"

Mama akakinusa. Kilinukia vizuri. Akakigeuza, akatazama maandishi ya dhahabu, akasema, "Hapana, baba yenu hakupewa kitu." Basi, swali likafia hapo. Nimefikiria dakika ile mara nyingi sana. Familia yetu ilikuwa imeshaumwa na nyoka, na ilikuwa na haki ya kuogopa kamba. Lakini tulikuwa tumejifunza sura moja tu ya nyoka: mtu anayechukua pesa bila kukupa kitu mkononi. Huyu alitupa sabuni, dawa ya meno, chai ya mimea na chupa za vidonge. Bidhaa ndiyo iliyotufumba macho.

Kuna jambo jingine la kusema kuhusu mji wetu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita ilivyopigana nchini mwetu, na siku sita za Kisangani zimo katika hesabu hiyo. Tangu hapo familia nyingi hapa zina faili: picha za ukuta uliobomoka, vyeti vya vifo, majina ya mashahidi. Mama mkwe analo lake, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu aliyengoja haki yake miaka ishirini na zaidi anakuwa mwepesi kuamini kwamba siku ya pesa imefika, hata ikija kwa mlango mwingine. Wanaokusanya watu kwa ajili ya biashara hizi wanalijua hilo. Shemeji mwenyewe alisema, "Mama, hii itafika kabla ya fidia."

Jumamosi tukaenda mkutanoni, ukumbi wa hoteli moja komini ya Makiso. Kiingilio kilikuwa dola mbili kila mtu. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba huwezi kumnong'oneza jirani yako. Walipita mbele watu watano, mmoja mmoja, kila mmoja akaeleza alivyokuwa maskini na alivyo leo. Mama mmoja alilia. Picha ya gari ilionyeshwa ukutani. Kisha maombi, halafu tangazo kwamba kuanzia Jumatatu bei ya kifurushi itapanda. Mtu mmoja nyuma, kijana, alinyoosha mkono aulize. Aliambiwa maswali yataletwa kwa kiongozi wake baada ya mkutano, na ukumbi ukapiga makofi ili mkutano uendelee. Na mimi nilipiga makofi. Leo ningekwenda kumtafuta kijana yule nimsikilize alitaka kuuliza nini.

Vifurushi vilikuwa vya dola 120, 300 na 1,000. Tulichukua cha 300. Tulirudi na katoni nane kwa toleka mbili, mume wangu mbele na mimi nyuma. Mahali pakavu pa kuziweka palikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe, upande wa ukuta usiovuja.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na bidii kuliko nilivyowahi kuwa katika makayabu. Niliweka sabuni tatu mezani kwangu sokoni, kando ya samaki. Zilinunuliwa, dola 9 kila moja, na wanawake watatu wa ofisini wenye mishahara. Mmoja aliniambia waziwazi ananunua kwa kunihurumia, kwa sababu sabuni ya kawaida ya kipande kama kile anaipata kwa bei ndogo sana hatua kumi kutoka pale. Hao watatu hawakurudi. Tangu hapo, kila aliyesimama kutazama aliniuliza swali moja: "Nikinunua, na mimi naingiza watu wangapi?"

Sikulielewa swali lile. Lilipaswa kunishtua, maana mimi ni muuzaji tangu utoto wangu. Mtu akinunua makayabu kwangu, anakwenda kuyaloweka, anayapika na nyanya, watoto wanakula, na wiki ijayo anarudi kwa sababu yamekwisha. Hajawahi kuniuliza atapata asilimia ngapi. Kama wanunuzi wangu wote wangekuwa watu wanaotaka kuuza makayabu, samaki wangezunguka soko zima kutoka meza hadi meza mpaka waoze, na hakuna jiko lingenukia. Hapo ndipo ilipo siri yote ya jambo hili, na mtu akitaka kupima biashara ya namna hii kabla ya kuingia, aanzie hapo: je, yupo anayenunua ili atumie tu, kwa bei hiyo, bila nia ya kuingiza mtu?

Kwa kuwa sabuni haikutoka, nilifanya kile nilichofundishwa, nikatafuta watu. Wa kwanza alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Wa pili ni rafiki yangu wa likelemba, tuliyekaa naye meza kwa meza miaka tisa, anayeuza unga wa muhogo. Alikuwa ndiye anayefuata kwenye zamu. Nilimwambia maneno yale yale niliyoambiwa: unga hauzai. Alichukua kifurushi cha dola 120. Kwa kila mmoja wao nililipwa dola 24, na siku niliyopokea zile 48 nilinunua nyama nikawapikia nyumbani. Nilikula pesa ya rafiki yangu na sikujua kuwa ndiyo niliyokuwa ninaila. Zilitoka mkononi mwake, zikapita kampuni, kipande kikarudi kwangu.

Kisha tukaambiwa jambo ambalo kwenye kalenda halikuchorwa. Ili niendelee kulipwa asilimia za watu walio chini yangu, lazima kila mwezi ninunue bidhaa za dola 60 nibaki aktifu. Mwezi ukipita bila kununua, pointi zinafutika. Dola 60 ni mtaji wangu wa samaki wa siku kumi. Nilizitoa mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Kila mara katoni mbili zaidi chini ya kitanda. Meza yangu sokoni ikawa na samaki wachache, wateja wangu wakaanza kuhamia kwa wengine, na mume wangu akaanza kukaa kimya jioni.

Sasa nieleze la vidonge, ambalo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Mama mkwe ana presha. Kwa miaka sita alikuwa anameza kidonge kimoja kidogo cheupe kila asubuhi, alichoandikiwa kituo cha afya. Katika mikutano walisema chupa fulani ya kijani inasafisha mishipa, na mtu alisimama akashuhudia kwamba ameacha dawa za hospitali. Shemeji alimletea mama yake chupa mbili bure, kwa mapenzi. Hakumwambia aache kidonge cheupe. Mama alikiacha mwenyewe, kimyakimya, ili asitugharimie vitu viwili. Nilikuwa ninaona kopo lake la vidonge rafuni kila nikifagia, na sikuona kwamba halipungui.

Alfajiri moja mwishoni mwa mwezi wa saba nilisikia kitu kimeanguka. Nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, mdomo umekuwa mzito, anashika kichwa. Mume wangu alitoka kutafuta pikipiki. Kituoni muuguzi alimfunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akarudia mara ya pili kwa kutoamini: juu 210, chini 120. Akauliza anameza nini. Nilikuwa nimebeba chupa ya kijani.

Muuguzi hakunigombeza. Aliigeuza chupa akaisogeza karibu na taa, akaweka kucha yake chini kabisa ya karatasi, penye herufi ndogo kama mbegu za tumbaku, akanisomea polepole: bidhaa hii ni nyongeza ya chakula, haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Nilikuwa nimeuza chupa za aina ile kwa mdomo wangu. Walioitengeneza walikuwa wameandika ukweli mahali ambapo mama wa miaka sabini na tatu hawezi kuusoma, na kuwaachia watu kama mimi kusema uongo kwa sauti kubwa.

Mungu alimsaidia mama. Siku nne alikuwa kituoni, mkono wake wa kushoto ukarudi taratibu, leo anamenya ndizi tena. Ila alfajiri ile ilinifungua.

Binti yetu wa kwanza anasoma uchumi UNIKIS, Chuo Kikuu cha Kisangani, mwaka wa pili. Usiku wa siku tuliyomrudisha bibi yake nyumbani umeme ulikuwa umekatika, tukawasha mshumaa. Akasema, "Mama, lete kila karatasi." Tukavuta katoni zote sebuleni, tukazihesabu: kumi na tatu zikiwa hazijafunguliwa. Akafungua daftari, akachora mstari katikati. Upande mmoja aliandika kilichotoka: kifurushi 300, manunuzi ya miezi mitano 300, viingilio na nauli za mikutano 41. Jumla dola 641. Upande mwingine, kilichoingia: rafiki na jirani 48, sabuni tatu 27. Jumla 75. Hasara 566. Hatukuwa tumewahi kuandika hesabu hiyo. Samaki wangu naandika kila siku, hata faranga za mfuko wa plastiki. Hii hatukuiandika hata siku moja, na katika mikutano yote hakuna aliyetufundisha kuiandika. Walitufundisha kuandika ndoto zetu na kuzibandika ukutani.

Kisha akachukua ile kalenda ya baba yake mdogo. Sita, akasema, halafu 36, 216, 1,296, 7,776, 46,656, 279,936. Ngazi ya nane ni watu 1,679,616. Kisangani yote, tangu Lubunga ng'ambo ya mto mpaka Mangobo na Kabondo, watoto wachanga wakiwemo, ina watu zaidi ya milioni moja. Ngazi ya kumi na moja inapita mara tatu watu wote wa Kongo. "Lakini hata haina haja ya kufika huko," akasema. "Tuseme imesimama ngazi ya tatu." Akajumlisha: mmoja, na sita, na 36, na 216, jumla 259. Akazungusha 216. "Hawa hawana mtu chini yao. Popote itakaposimama, watano kati ya kila sita watakuwa hapa." Baba yake alitazama karatasi muda mrefu. Hesabu ni kazi yake. Hakuwa ameanza kuitazama kutoka chini.

Simu ya binti yetu ilikuwa na chaji kidogo, akaitumia kusoma mambo ya Marekani, ambako biashara hizi zimekaa muda mrefu na zimekwenda mahakamani mara nyingi. Mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya huko, FTC, iliamua kwamba kampuni ya Amway si piramidi, yaani si mpango unaoishi kwa pesa za wanaoingizwa. Iliangalia nini? Kanuni tatu: muuzaji asiagize mzigo mpya kabla ya kuuza walau asilimia 70 ya ule wa zamani, aonyeshe mauzo kwa wateja kumi wa kawaida kila mwezi, na anayejitoa, mzigo wake unaofaa kuuzwa urudishwe na alipwe. Mwaka 2016 kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake kule Marekani, ili walau theluthi mbili ya malipo ya wauzaji itokane na mauzo halisi yaliyothibitishwa. Septemba 2024 FTC ilichapisha uchambuzi wa karatasi za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za mtindo huu: washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na karatasi nyingi hazikutoa gharama walizotumia. Dola 1,000 kwa mwaka haifiki 84 kwa mwezi, na mimi nilikuwa ninatoa 60 kila mwezi nibaki aktifu.

Kwa hiyo si kila anayeuza kwa mtandao wa watu ni mwizi, nalisema hilo kwa haki. Lakini nilipoziweka zile kanuni tatu mbele ya katoni zetu, hakuna hata moja iliyosimama. Hakuna aliyeniuliza kama nimeuza asilimia 70 kabla ya kunidai 60 nyingine. Hakuna aliyetaka kumwona mteja wangu hata mmoja, seuze kumi. Nilipokwenda ofisini kwao kurudisha mzigo nilionyeshwa kifungu katika mkataba nilioutia sahihi bila kuusoma: siku thelathini tangu kununua, basi. Chini ya kifungu hicho, kwa herufi ndogo tena, kampuni haimhakikishii mshiriki kipato chochote. Ni ndugu wa yale maandishi ya kwenye chupa.

Shemeji alikuja siku ya tatu baada ya mama kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea maneno makali. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, hakuingia. Tukajua basi kwamba chini yake kuna watu arobaini na mmoja, na kwamba hata yeye, pamoja na hao wote, kila mwezi anatoa zaidi ya anachopata; begi na tai alinunua kwa mkopo kwa sababu kiongozi wake alimwambia mtu aliyefanikiwa lazima aonekane. Alilia. Mama mkwe akatoka, akishika ukuta, akakaa karibu naye. Hakumlaani. Alisema, "Baba yenu naye alileta ndugu zake wawili," akanyamaza. Hilo hatukulijua. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amelificha, kwa aibu ya mume wake.

Wala si Kongo peke yake: Watanzania nao walipitia la kwao. Mwaka 2009 serikali iliufunga mpango wa DECI, ambamo watu waliingia kwa kupanda mbegu na kungojea kuvuna, na waliosimama mbele yake walikuwa wachungaji. Neno la mbegu na mavuno liliwafumba macho wale waumini kama sabuni ilivyotufumba sisi. Ninasema hivi kwa sababu mwakani jambo hili litakuja na sura nyingine, na mama atakayeletewa atauliza kama ni Bindo, na atajibiwa kwamba hapana. Atajibiwa kweli.

Ndugu msomaji, akija kwako mtu unayempenda, maana ndiye atakayetumwa, usimfukuze. Mpe kiti. Mwombe akupeleke kwa wateja watano wanaonunua bidhaa ile kila mwezi na ambao hawako katika mtandao wake. Mwambie akuonyeshe daftari lake, si la kiongozi wake: kilichotoka na kilichoingia kwa mwaka mzima, nauli ndani yake. Chukua mkataba ulale nao nyumbani usiku mmoja, mpe mtoto mwenye macho mazuri asome herufi ndogo. Akisema Jumatatu bei inapanda, mwache Jumatatu ipite. Na kama kuna mgonjwa nyumbani, hesabu vidonge vyake kila wiki.

Rafiki yangu wa unga wa muhogo alikuwa ameacha kunisalimia. Nilimrudishia dola zake 120 kwa mafungu matano ya 24, kutoka kwenye samaki, na la tano nilimpelekea nyumbani kwake usiku. Alinikaribisha, tukala. Likelemba yetu ilivunjika mwaka ule, ikaanza upya na wanawake saba. Katika bidhaa tulizobaki nazo, zile za kumeza tuliziharibu. Sabuni tunaogea mpaka leo.

Mabati tuliyanunua mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, kumi na mawili badala ya ishirini. Tulianzia chumba cha mama. Bati lenye tundu la Juni 2000 liko nyuma ya nyumba, tumefunikia kuni.